Rock Island: Reli Iliyoposwa Miaka Kumi na Moja

Nikitoka zamu ya usiku huko Davenport, narudi nyumbani Rock Island kwa kupitia daraja la chuma ambalo watu wa hapa wanaliita Daraja la Serikali. Lina sakafu mbili: magari yanapita chini, treni inapita juu. Kuna asubuhi nafika pale nakuta taa nyekundu, kizuizi kimeshuka, na kipande kizima cha daraja kinazunguka pole pole juu ya nguzo yake ili boti lipite na matishari. Hapo huna la kufanya. Unazima injini, unasubiri. Mimi nimezaliwa Tabora, mto mkubwa niliokuwa naujua ni Malagarasi, kwa hiyo Mississippi bado hunifanya nishushe kioo nitazame.

Asubuhi moja ya Oktoba nilisubiri pale karibu nusu saa. Kipande kile kiliporudi mahali pake, treni ya mizigo ikaanza kupita juu ya kichwa changu, behewa baada ya behewa, mengine ya nafaka, mengine matangi. Chembechembe za kutu zikadondokea kwenye kioo cha gari. Sauti ile naijua. Mzee wangu alikuwa nyapara wa genge la reli kati ya Tabora na Kaliua, na mimi nimekulia kwenye nyumba za genge, mita chache kutoka njiani. Tulikuwa tunajua saa kwa treni kabla ya kujua saa kwa saa.

Ubavuni mwa vichwa vya treni ile paliandikwa Iowa Interstate. Lakini stesheni ya zamani mjini kwetu ni ya kampuni ya reli ya Rock Island, karakana kubwa iliyo mji wa jirani ilijengwa na Rock Island, na ukienda Chicago, njia ya treni za abiria inayokwenda Joliet mpaka leo inaitwa Rock Island. Mji ndio uliozipa reli hizi jina, kweli, lakini ni reli iliyolibeba jina la mji mdogo wa Illinois mpaka Colorado, Texas na New Mexico. Sasa kampuni yenyewe iko wapi? Nilianza kuuliza, nikaanza kusoma, na kwa miezi kadhaa sikuweza kuacha. Naandika haya kwa sababu majirani zangu wengi hapa, Wakongo na Warundi waliopitia kambi za Kigoma kabla ya kuletwa Marekani, wanapita chini ya daraja hili kila siku kwenda kazini, na hakuna aliyewahi kutusimulia habari yake kwa lugha yetu.

Kampuni ilipewa kibali na jimbo la Illinois mwaka 1847. Wazo la mwanzo lilikuwa dogo: reli fupi kutoka mji wa Rock Island, kando ya Mississippi, mpaka mfereji uliokuwa La Salle. Baadaye wenye mji wakaona kwamba mfereji hautoshi, bora njia ifike Chicago moja kwa moja. Tarehe 10 Oktoba 1852 treni ya kwanza ikatoka Chicago kwenda Joliet, mabehewa sita ya rangi ya njano yakivutwa na kichwa kilichoitwa Rocket. Joliet hapakuwa na mahali pa kugeuzia treni, kwa hiyo ikarudi Chicago kinyumenyume safari nzima. Februari 1854 reli ikafika kwenye ukingo wa Mississippi, ya kwanza kabisa kuunganisha Chicago na mto huo. Juni ya mwaka huo wakafanya sherehe ambayo watu wa hapa bado wanaizungumzia: wageni zaidi ya elfu moja, akiwemo Millard Fillmore aliyekuwa rais kabla, wakaletwa kwa treni mpaka hapa, kisha wakapandishwa meli za mvuke kwenda St. Paul.

Furaha ya watu wa meli haikudumu, kwa sababu reli haikuwa na nia ya kuishia ukingoni. Ilitaka kuvuka.

Daraja la kwanza kuvuka Mississippi lilifunguliwa hapa Aprili 1856, la mbao juu ya nguzo za mawe, mita mia chache tu kutoka ninapozima gari langu. Tarehe 6 Mei, wiki mbili baada ya treni ya kwanza kuvuka, meli ya mvuke iitwayo Effie Afton ikapita upenyo wa daraja, ikapoteza mwelekeo, ikagonga nguzo. Jiko likapinduka, meli ikashika moto, na kipande cha daraja kikaungua pamoja nayo. Mabaharia waliokuwa mtoni wakapiga honi na kengele kwa furaha. Mwenye meli akaishtaki kampuni ya daraja, akidai daraja ni kikwazo kwa njia ya maji. Kampuni ikamtafuta wakili kutoka Springfield, mrefu, aliyejua kuzungumza na watu wa kawaida: Abraham Lincoln. Alikuja mwenyewe kutazama mkondo wa maji, akapima kasi yake, na Septemba 1857 akasimama mahakamani Chicago kueleza kwamba mtu anayetaka kuvuka mto ana haki sawa na yule anayetaka kupanda au kushuka nao. Jopo la raia lilishindwa kukubaliana, daraja likabaki, na miaka mitano baadaye Mahakama ya Juu ya nchi ikaamua kwamba libaki.

Nikisimama pale kwenye taa nyekundu huwa nawaza kesi ile. Daraja la sasa ni la 1896, limebuniwa na Ralph Modjeski, na bado linafunguka kulipisha boti, bado treni inapita. Mapatano yale ya mto na reli yanaendelea juu ya kichwa changu kila wiki.

Upande wa pili wa mto, kampuni dada ilikuwa inajenga kuelekea Iowa City. Watu wa mji ule walikuwa wameahidi dola 50,000 kama treni ingefika kabla ya mwaka 1855 kwisha. Desemba ile baridi ilikuwa kali, chuma kinanata mkononi, na usiku wa mwisho wa mwaka wakaazi wakatoka na mienge kusaidia wafanyakazi kutandika reli juu ya ardhi iliyoganda, kisha wakasukuma kichwa cha treni kilichokuwa kimeganda mpaka kikaingia mjini. Mwaka 1866 kampuni zile mbili zikaungana, na 1869 reli ikafika Council Bluffs, ng'ambo ya Omaha, ilipokuwa inaanzia reli ya Union Pacific kuelekea magharibi. Ikawa imefika mahali pazuri, lakini haikufika peke yake. Kumbuka jambo hili, maana ndilo lililoiandama mpaka mwisho.

Sitasimulia miaka yote ya upanuzi. Itoshe kusema kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa imesambaa katika zaidi ya majimbo 10: kaskazini Minneapolis, kusini Texas na Louisiana, mashariki Chicago na Memphis, magharibi Denver na Tucumcari. Karibu kilomita 13,000 za njia wakati wa ukubwa wake. Ilibeba mahindi, ngano, ng'ombe, makaa, na watu waliokwenda kuanzisha mashamba. Hata majambazi waliijua: Julai 1873 genge la Jesse James lilipindua treni yake karibu na Adair, Iowa, na dereva akafa.

Ila ukiitazama ramani kwa makini unaona tatizo. Karibu kila mahali ilipofika, pana mwingine mwenye njia fupi zaidi au iliyonyooka zaidi. Kati ya Chicago na Omaha peke yake kulikuwa na kampuni sita za reli. Sita! Zote zinagombania mahindi ya Iowa. Rock Island mara nyingi alikuwa wa pili au wa tatu. Biashara ya namna hiyo inawezekana, lakini inataka mwenye nyumba makini, asiyekopa hovyo.

Haikumpata. Mwaka 1901 kundi la matajiri wakiongozwa na Daniel Reid na William Moore, waliokuwa wamepata mali kwenye viwanda vya mabati, walinunua hisa za kutosha kuitawala. Wakaunda kampuni juu ya kampuni, wakaibebesha madeni ya kununulia reli nyingine, wakagawana faida wao. Hadi 1915 ikawa mikononi mwa mahakama. Ikatoka, na 1933, katikati ya mdororo mkubwa, ikafilisika tena.

Hapo akaja mtu ambaye, kwa maoni yangu, ndiye pekee aliyeipenda reli hii kama inavyopaswa kupendwa. John Farrington alifika 1936 akaanza kazi na kitu kisichoonekana kwenye picha za magazeti: njia. Alinyoosha kona, akashusha milima, akabadilisha reli nyepesi kwa nzito, akajenga madaraja mapya. Yale yanayoonekana yakafuata. Mwaka 1937 treni za Rocket zikaanza kukimbia, za chuma kinachong'aa kisichoshika kutu, zikivutwa na injini za dizeli wakati kampuni nyingi bado zilikuwa na mvuke: moja Chicago mpaka Peoria, nyingine mpaka Des Moines, na nyingine kwingineko. Mwanzoni mwa 1948 kampuni ikatoka kwenye ufilisi ikiwa na afya. Wazee wa hapa waliokuwa watoto wakati ule bado wanaeleza jinsi Rocket ilivyokuwa inaingia stesheni jua likiipiga ubavuni.

Kabla sijafika kwenye kifo, lazima niseme habari ya Silvis.

Silvis ni mji mdogo mashariki mwa Moline, dakika 15 kwa gari kutoka kwangu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Rock Island ilijenga pale karakana kubwa ya vichwa vya treni na yadi ndefu ya mabehewa, na kwa kuwa kazi ya njia ni ngumu na malipo yake madogo, ilileta vibarua kutoka Mexico, wengi wao kutoka Guanajuato. Wakaishi ndani ya yadi yenyewe, kwenye mabehewa ya mizigo yaliyokwisha kuchakaa: familia moja, behewa moja, jiko katikati, mapazia ya nguo kugawa vyumba. Baadaye walipotakiwa kuondoka kwenye yadi walihamia Second Street, mtaa mfupi wa udongo. Katika Vita vya Pili vya Dunia na vita vya Korea mtaa ule mmoja ulitoa wanaume wengi kiasi kwamba leo unaitwa Hero Street. Wanane hawakurudi, sita katika Vita vya Pili vya Dunia na wawili Korea. Wamejengewa mnara pale.

Nilikwenda kuutembelea Jumapili moja na mke wangu. Tulisoma majina yote manane kwa sauti. Mtoto wa kibarua wa reli anasoma majina ya watoto wa vibarua wa reli. Sisi genge letu lilikuwa na nyumba za mawe, wao walikuwa na mabehewa, lakini ule mkao wa nyumba zinazotazama njia, mlango wa mbele unaofunguka kwenye kokoto, niliutambua bila kuelezwa.

Sasa nifike kwenye posa.

Baada ya vita, mambo mawili yaliipiga Rock Island kutoka pande mbili. Serikali ilijenga barabara kuu namba 80, ambayo ndani ya Iowa inakwenda sambamba na reli hii karibu mwanzo hadi mwisho. Malori yakachukua ng'ombe, nyama, bidhaa za dukani, kila kilicholipa vizuri. Wakati huohuo reli za Marekani zilikuwa zimefungwa mikono na Tume ya Biashara Baina ya Majimbo: huwezi kupandisha au kushusha nauli ya mzigo bila ruhusa, huwezi kuacha tawi lisilo na mzigo bila kesi ya miaka. Kampuni zikaona dawa ni moja, kuungana.

Mwaka 1964 Union Pacific ikaleta posa. Ilikuwa tajiri, lakini njia yake ilikomea Omaha, na ilitamani kufika Chicago kwa reli yake mwenyewe. Rock Island ilikuwa na njia hiyo. Mpango ulikuwa kwamba Union Pacific ichukue upande wa kaskazini na upande wa kusini iuziwe Southern Pacific. Wenye hisa wakakubali. Kilichobaki kilikuwa baraka ya Tume.

Hapo ndipo ndugu wote wa ukoo walipotokea kupinga ndoa. Chicago & North Western, ambayo ndiyo iliyokuwa ikipokea mizigo ya Union Pacific pale Omaha, iliona chakula chake kinaondoka. Ikapinga, na ikatoa posa yake. Reli ya Santa Fe ikawa na dai lake. Karibu kila reli kubwa ya magharibi mwa Mississippi ikaweka wakili: huyu anataka kipande hiki, yule anataka apewe haki ya kupita pale, mwingine anataka asipate hasara. Tume ikasikiliza. Ikaendelea kusikiliza. Mashahidi, vielelezo, rufaa, mapendekezo ya kuigawa upya ramani nzima ya reli za magharibi. Miaka ikapita: 1966, 1968, 1970, 1973. Hii ilikuwa kesi ndefu na ngumu kuliko zote za kuunganisha reli zilizowahi kufika mbele ya Tume.

Na nyumbani kwa mchumbiwa hakuna aliyekuwa anaezeka paa.

Hilo ndilo jambo ninaloamini baada ya kusoma yote. Wakuu wa Rock Island walijiambia kwamba mwenye pesa anakuja, atatengeneza yeye. Kwa nini ununue mataruma mapya leo, yale yanayolazwa chini ya vyuma vya njia kuvibeba, kwa reli ambayo mwakani ni ya mwingine? Wakabana matumizi ili vitabu vionekane vizuri machoni pa mchumba. Mwaka huu taruma moja kati ya kumi limeoza, hubadilishi, mwakani mawili, mwaka wa tatu maji yamesimama kwenye kokoto, matope yanapanda, reli inacheza. Unaweka amri ya kwenda polepole, kilomita 16 kwa saa. Amri ya muda. Halafu ya muda inakuwa ya kudumu. Treni ya mzigo ikichelewa siku moja, mwenye mzigo anavumilia. Ikichelewa siku tatu, anaita lori. Mapato yakishuka, pesa ya mataruma inazidi kupungua.

Mzee mmoja wa kanisani kwetu alifanya kazi njiani miaka hiyo, akiwa kijana. Alinieleza kwamba kulikuwa na sehemu ndani ya Iowa ambako alishuka kwenye treni ya mizigo inayotembea, akatembea kwa miguu kando yake, akafika kwenye kivuko cha barabara kabla ya kichwa cha treni. Aliponiambia hakucheka.

Siku hiyo nilimpigia baba.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umeshatoka kazini?"

"Nimetoka. Nina swali la reli."

"Sema."

Nikamsimulia kama ninavyowasimulia nyinyi, kwa kifupi. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza maswali ya nyapara.

"Mizigo walikuwa nayo?"

"Walikuwa nayo. Mahindi, ngano, mbolea, magari."

"Mataruma ya chuma au ya mbao?"

"Ya mbao, baba. Karibu yote."

"Na miaka hiyo yote wanangoja, walikuwa wanabadilisha?"

"Kidogo sana."

Akanyamaza kidogo. "Sisi ya mbao tulikuwa nayo madarajani tu. Taruma la mbao likioza, msumari unautoa kwa vidole. Nimewahi kuutoa hivi hivi, nikampelekea bosi ofisini kwake nikauweka mezani. Hao hawakuwa na mtu wa kupeleka msumari?"

Sikuwa na jibu.

Mwishoni mwa 1974 Tume ikatoa ruhusa, ikiwa na masharti lukuki. Union Pacific ikaja kumtazama mchumba wake upya. Aliyekuwa na njia imara 1964 sasa alikuwa ametapakaa amri za polepole, mabehewa mabovu na madeni. Wakati huo Rock Island ilikuwa na rais mpya, John Ingram, aliyeomba mkopo wa dola milioni 100 kutoka taasisi ya serikali iliyokuwa inashughulikia reli zilizofilisika za mashariki. Akanyimwa. Tarehe 17 Machi 1975 kampuni ikaenda mahakamani kutangaza ufilisi, kwa mara ya tatu na ya mwisho. Kabla ya mwaka kwisha Union Pacific ikajitoa. Miaka kumi na moja, na harusi haikuwepo.

Ingram alijaribu, na sitaki kumnyima haki yake. Alipaka vichwa vya treni rangi ya buluu ya angani na nyeupe, akaandika ubavuni "The Rock" kwa herufi kubwa, akapata fedha za kutengeneza baadhi ya njia. Picha za wakati ule zinauma kuzitazama. Kichwa kinang'aa kama kimetoka dukani jana, na chini ya magurudumu yake majani yamefunika reli.

Kuna jambo jingine la miaka ile watu hulisahau. Serikali ilipoanzisha Amtrak mwaka 1971 kuchukua treni za abiria, Rock Island haikujiunga. Ada ya kuingia ilipigiwa hesabu ikaonekana ni kubwa kuliko hasara ya kuendelea peke yake. Kwa hiyo Rocket mbili, ya Peoria na ya hapa kwetu, ziliendelea kutembea kwa miaka saba, zikiyumba juu ya njia ile mbovu, abiria wachache, mabehewa ya mwaka wa zamani. Ya mwisho ilitembea tarehe 31 Desemba 1978. Tangu usiku ule hakuna treni ya abiria inayotoka hapa kwenda Chicago. Sisi tukitaka kwenda kumpokea mgeni uwanja wa ndege ni basi au gari, saa tatu barabara ikiwa nzuri.

Agosti 1979 makarani wakagoma. Walikuwa wanadai nyongeza ambayo wenzao wa reli nyingine walikuwa wameshapata, na malimbikizo yake. Kampuni ikasema haina. Nimesoma watu wanaowalaumu wafanyakazi kwamba ndio waliomaliza reli, na hapo sikubaliani nao hata kidogo. Karani wa Silvis hakuchelewesha kesi kwa miaka kumi. Hakuuza mataruma. Alidai mshahara wa kazi aliyoifanya. Wakuu walijaribu kuendesha treni wenyewe, serikali ikaingilia, na Tume ikaagiza kampuni ya reli ya Kansas City Terminal iendeshe njia zile kwa muda ili mavuno ya mahindi yasiozee kwenye maghala. Januari 1980 jaji Frank McGarr, aliyekuwa anasimamia ufilisi, akaona hakuna mpango unaoweza kuifufua, akaamuru ivunjwe na kuuzwa. Tarehe 31 Machi 1980 Rock Island ikasimama. Haikuwahi kutokea Marekani hadi wakati ule reli ya ukubwa huo, zaidi ya kilomita 11,000, ikafungwa moja kwa moja na kugawanywa vipande.

Miezi sita na nusu baadaye, tarehe 14 Oktoba 1980, rais Carter alitia saini sheria iliyozifungua reli mikono: kupanga nauli zenyewe, kuingia mikataba na wateja, kuacha matawi yasiyolipa. Kila ilichokuwa inakililia Rock Island. Nilipoiona tarehe hiyo nilifunga kompyuta nikatoka nje.

Halafu kuna habari ya pesa. Msimamizi wa ufilisi, William Gibbons, alipouza njia, ardhi, vichwa na chuma chakavu, wadai walilipwa madeni yao yote, na mwaka 1984 kilichobaki kikawa kampuni ya uwekezaji iitwayo Chicago Pacific, iliyonunua kampuni ya Hoover inayotengeneza mashine za kufagilia mazulia. Kwa wenye hisa, kumbe reli hii ilikuwa na thamani zaidi ikiwa imekufa. Wapo walioijua hesabu hiyo mapema wakaitaka ifungwe. Mafundi wa Silvis walipata barua.

Vipande vikaenda huku na huku. Southern Pacific ilichukua njia ya Tucumcari. Chicago & North Western, yule yule aliyepinga ndoa, akanunua njia kutoka Kansas City mpaka Minneapolis, na leo kwa mzunguko wa kampuni kununuliana iko mikononi mwa Union Pacific, mchumba mwenyewe. Njia ya Oklahoma na Arkansas ilitelekezwa sehemu kubwa. Daraja lake la Little Rock sasa ni la waendao kwa miguu, karibu na maktaba ya Clinton. Njia ya Chicago mpaka Joliet inabeba maelfu ya wafanyakazi kila asubuhi chini ya Metra, shirika la treni za abiria za Chicago na vitongoji vyake. Na hii ya kwetu, kutoka Illinois kuvuka Iowa mpaka Council Bluffs, ile iliyosemekana haiwezi kulipa, ilianza kuendeshwa mwaka 1984 na Iowa Interstate. Kampuni ndogo. Ilibadilisha mataruma. Ethanoli ya mahindi ilipoanza kutengenezwa kwa wingi Iowa, njia ilikuwa tayari imesimama kwa miguu yake, na yale matangi ninayoyaona juu ya kichwa changu ndiyo hayo.

Karakana ya Silvis nayo imepata watu. Kikundi cha wapenda reli kiliinunua, na mwaka 2022 Union Pacific ikawapa vichwa vyake vya kihistoria wavitengeneze pale, kikiwemo kile kikubwa cha mvuke namba 3985. Mchumba ameleta zawadi kwenye karakana ya aliyeposwa, zaidi ya miaka arobaini baada ya msiba.

Moline, katikati ya mji, kuna stesheni mpya. Jengo la zamani la matofali lilikarabatiwa, hoteli ikajengwa pamoja nalo, mahali pa abiria pakatengwa, kwa sababu mwaka 2010 serikali kuu ilitangaza fedha za kurudisha treni ya abiria kutoka Chicago mpaka hapa, kwa njia hii hii. Mpaka ninapoandika, treni haijaja. Majadiliano kati ya wahusika yanaendelea. Nikipita pale huangalia zaidi reli kuliko jengo. Mataruma ni mazima, nimeyakagua kwa macho ya mtoto wa nyapara.

Wiki iliyopita nilisubiri tena darajani. Treni ilipoanza kupita juu nilitoa simu dirishani nikarekodi dakika mbili, nikamtumia baba kwa WhatsApp. Jioni ya kwake akanijibu kwa sauti.

"Nimesikiliza mara tatu," alisema. "Hapo mwanzo reli ni za kuunga, nasikia viungo. Vimekazwa vizuri. Behewa la kumi na nne lina gurudumu bovu, limepata bapa. Waambie walitoe."

Nimemwandikia kwamba nitawaambia. Bado natafuta namba yao.